Dell OptiPlex 9020 inazima nikianza kurenda video: nibadili pawa saplai ipi, na inafungwaje?

MpigaPicha_Moro

Habari za jioni wakuu.

Nina Dell OptiPlex 9020, lile kasha kubwa la kusimama, nahariria video za harusi na vipaimara. Prosesa i7-4790, RAM GB 16, SSD moja na "hadi diski" (hard disk) moja. Niliichukua mtumba na ilikuwa imetulia kabisa mpaka nilipoongeza kadi ya grafiksi, GTX 1660 Super, nayo imetumika. Kadi inataka waya wa pini 8 na pawa saplai ya Dell (kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme) haina waya huo. Dukani wakanipa kiunganishi: huku plagi moja ya SATA (ile ya kulishia diski), huku pini 8.

Nikikata video na kupanga sauti hakuna tatizo. Nikianza kurenda tu (kuitoa video iliyokamilika), baada ya dakika chache inazima ghafla kama mtu kachomoa waya ukutani, na haiwaki tena mpaka nichomoe umeme nisubiri kidogo. Jana nimegusa ile plagi ya SATA, ni ya moto.

Kuna fundi kaniambia nichukue pawa saplai ya wati 500 ya elfu 40, nifunge, kazi iendelee. Nichukue? Nina kazi za wateja mkononi.

FundiGerezani

Pole sana mkuu. Kabla ya mengine yote: zima mashine, chomoa hicho kiunganishi, na usikirudishe tena. Toa na kadi kwa sasa. Hiyo i7 ina grafiksi zake ndani, chomeka skrini nyuma ya mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) urende taratibu. Wateja watachelewa kidogo, lakini nyumba haitaungua.

Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, na kila pini imekadiriwa kubeba ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, zidisha mara 12 unapata wati 54. Upande wa pili wa kiunganishi chako kuna plagi ya pini 8, ambayo kwa kanuni za PCIe (kiwango cha kuunganishia kadi) kadi inaruhusiwa kuivuta mpaka wati 150. Kadi yako yote inakula kama wati 125. Sehemu inapitia kwenye sloti ya mazabodi, ambayo mwisho wake ni wati 75, na zinazobaki zinapita kwenye kiplagi kilichotengenezwa kulisha hadi diski. Hapo ndipo joto unalolisikia linatoka. Plastiki ikilainika, waya wa njano ukagusana na mweusi, hapo ni moshi.

Na ile kuzima mpaka uchomoe umeme si ugonjwa. Ni kinga ndani ya pawa saplai: imeona inavutwa kupita kiasi, imejifunga, na haijifungui mpaka umeme ukatwe. Pawa saplai ya Dell imekuokoa. Ndiyo maana nakuomba usikimbilie ya elfu 40. Nyingi za bei hiyo kinga hizo ama hazimo, ama zimeandikwa kwenye boksi tu.

Kiboko ya Mtumba

Fundi, tusitishane. Mimi nafunga hizo za elfu 40 kwenye mashine za stesheneri na intaneti kafe, zinapiga kazi mwaka hadi mwaka.

FundiGerezani

Sikatai ndugu. Mashine ya stesheneri isiyo na kadi ya grafiksi inakula wati 60 au 80, hata ikichapa siku nzima. Hapo pawa saplai dhaifu haijawahi kupewa mtihani. Mkuu wa Moro anataka kurenda saa nzima, prosesa na kadi vyote vimekanyagwa mpaka mwisho.

Ninayo moja ya hizo hapa mezani, nakusomea stika. Juu imeandikwa 500W kwa herufi kubwa. Chini kuna jedwali dogo ambalo wanunuzi wengi hawalisomi: +3.3V ampea 20, +5V ampea 22, +12V ampea 15. Prosesa na kadi ya grafiksi vyote vinakula kwenye volti 12, basi zidisha 12 mara 15: wati 180. Hiyo ndiyo pawa saplai uliyonunua. Zile 500 wamezipata kwa kujumlisha mistari ambayo kompyuta ya leo karibu haiigusi, na zaidi ya hapo ni kilele cha sekunde chache. Waya zake zimeandikwa 20AWG, na kwenye kipimo hicho namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Ya maana inakuja na 18AWG kwa waya kubwa. Ukiibeba mkononi unasikia ni nyepesi, kwa sababu transfoma na vipozea joto ni vidogo.

Kwa hiyo mkuu, dukani usiulize "ni wati ngapi". Geuza, tafuta mstari wa +12V, zidisha mwenyewe. Pawa saplai ya kweli ya wati 500 inakaribia kuzitoa zote kwenye volti 12 peke yake, yaani ampea 38 mpaka 41. Ukikuta 500W halafu 12V ni ampea 15 au 18, mrudishie muuzaji kwa adabu.

MpigaPicha_Moro

Nashukuru fundi, nimetoa kile kiunganishi na kweli plastiki imeanza kubadilika rangi. Sasa hesabu ya mashine yangu ikoje? Maana nikisoma, wati 84 za prosesa na 125 za kadi hazifiki wati 290 za pawa saplai yangu.

FundiGerezani

Umefikiri vizuri. 84 na 125 ni 209. Weka 40 au 50 za mazabodi, RAM, diski na feni, unafika kama 260. Kwenye karatasi 290 inatosha. Ila kadi ya grafiksi haivuti kwa usawa: kuna vipande vifupi sana vya muda inaruka juu ya wastani wake, na pawa saplai ikiwa imeshakaa karibu na mwisho, mruko huo unaifikisha kwenye kinga. Tena yako ina umri. Kapasita zake (vipande vya kutunzia chaji) zinachoka na joto, na uwezo unashuka pole pole.

Nunua wati 450 mpaka 550 ya kampuni inayojulikana. Corsair CX, Cooler Master MWE Bronze, Thermaltake Smart BX1, yoyote kati ya hizo ukiipata mpya na risiti. Isiyo na waya wa kuchomoa itakufaa vilevile kama zile za waya za kuchomoa, na inapungua bei.

Kwenye 9020 pima nafasi. Pawa saplai ya ATX, yaani ya umbo la kawaida, ni upana mm 150, kimo mm 86, urefu mm 140. Kuna zinazofika mm 160 na kuendelea, na pale mbele yake kuna kibebeo cha DVD na waya zake. Chukua ya mm 140.

Nuru wa Mikocheni

Kwa nini asichukue 750 kabisa ili baadaye asihangaike? Au itamla umeme wa LUKU?

FundiGerezani

Haitamla dada. Kompyuta inachota inachohitaji. Tanki la lita 5,000 halikulazimishi kuoga lita 5,000. Shida ni pesa ya kununulia, na kwamba pawa saplai ikifanya kazi chini ya asilimia 20 ya uwezo wake, ufanisi unashuka. Mashine yake ikipumzika inakula labda wati 50.

Kwenye umeme, angalia alama ya 80 Plus. Ile nyeupe ya kawaida inadai ufanisi usiopungua asilimia 80 kwenye mzigo wa asilimia 20, 50 na 100. Bronze inadai 82, 85 na 82, vipimo vilivyochukuliwa kwenye volti 115. Kwenye umeme wetu wa 230 matokeo huwa mazuri kidogo zaidi. Piga hesabu: mashine ikihitaji wati 250, pawa saplai ya asilimia 85 inavuta 294 ukutani, na ile ya mtaani ya asilimia 70 inavuta 357. Tofauti wati 63. Ukirenda saa 8 kwa siku ni nusu yuniti kila siku, yuniti 15 kwa mwezi. Kwa mwaka imekulipa sehemu nzuri ya bei.

Lakini msiifanye 80 Plus kuwa cheti cha ubora wa kila kitu. Inapima ufanisi. Haisemi kinga zikoje. Mwaka 2021 Gigabyte walilazimika kutoa tamko kuhusu P750GM na P850GM, zenye alama ya Gold, baada ya wapimaji kuonyesha zinapasuka zikibebeshwa mzigo mkubwa. Wakashusha kiwango ambacho kinga yake inaanza kukata umeme, na kukubali kuzibadilisha. Mkiziona mtumba, za toleo la zamani, ziacheni hapo hapo.

Mwana wa Likoni

Jamani naingilia kutoka Mombasa. Mwambieni huyu ndugu aangalie nyuma ya hiyo pawa saplai kama kuna swichi nyekundu ya 115 na 230. Mashine nyingi zinazoshuka huku zatoka Marekani, nyingine zapitia Dubai, na swichi imewekwa 115. Kwetu Kenya umeme ni 240, kwenu 230. Mteja achomeka, asikia mlio kama risasi, ofisi yajaa harufu.

Sababu ni hii: ile swichi ikiwa 115, ndani yaunganisha kapasita mbili kubwa kwa namna ya kuuzidisha umeme mara mbili. Kila kapasita imeandikwa volti 200. Ukiipa 230 ikiwa 115, kila moja yapata zaidi ya 300. Lazima ipasuke. Nimebadilisha nyingi hata sizihesabu, na nyingine zimekufa pamoja na mazabodi.

Zilizoandikwa "100-240V" bila swichi hazina neno, zajirekebisha zenyewe.

FundiGerezani

Asante sana kaka wa Likoni, hilo lilikuwa la kusemwa mapema.

Sasa mkuu wa Moro, ya Dell. Hapa ndipo watu wanapochoma mazabodi. Ukinunua pawa saplai mpya itakuja na plagi kubwa ya pini 24. Fungua 9020 yako utakuta mazabodi haina tundu la pini 24. Ina la pini 8, la Dell wenyewe. Pawa saplai mpya nayo itakuwa na plagi mbili za pini 8: moja ya prosesa, moja ya kadi. Zote zitakutamanisha uziingize pale. Usithubutu, mpangilio wa umeme ndani yake ni mwingine kabisa.

Unahitaji waya wa kubadilisha kutoka pini 24 kwenda pini 8 za Dell. Unauzwa kwa jina hilo hilo, na mtajie muuzaji modeli: OptiPlex 3020, 7020 na 9020 ni familia moja. Zilizotangulia, 7010 na 9010 za kasha hilo kubwa, zina pini 24 za kawaida, hazihitaji chochote. Zilizofuata, kama 3040 na 7040, zina pini 6. Na makasha yale membamba msihangaike nayo, pawa saplai ya ATX haiingii hata ukisukuma.

Dell wana historia ya jambo hili. Miaka ya mwisho ya 1990 walikuwa na plagi inayofanana kabisa na ya ATX, inaingia bila kulazimisha, lakini waya ndani zimebadilishwa nafasi. Watu wengi walipoteza mashine kwa kuamini umbo la plagi. Hii ya pini 8 angalau inakulazimisha usimame ufikiri.

Kiboko ya Mtumba

Hapo nakubali. Niongeze moja: pawa saplai za waya za kuchomoa, usichukue waya wa moja ukachomeka kwenye nyingine. Ukiacha mashine kama hizi za Dell, upande wa mazabodi na diski uko sawa dunia nzima, ila upande wa kwenye pawa saplai kila kampuni inapanga inavyotaka, hata modeli mbili za kampuni moja zinaweza kutofautiana. Kuna mteja aliniletea diski tatu zimekufa kwa mpigo, kisa waya aliopewa na jirani. Volti 12 ziliingia mahali pa volti 5.

MpigaPicha_Moro

Wakuu nimepata Corsair CX550 mpya, na waya wa 24 kwenda 8 nimeupata Kariakoo, unakuja na basi. Stika nimesoma: 12V iko juu ya ampea 40. Naomba hatua za kufunga, mimi bisibisi naijua ila sijawahi kugusa kitu hiki.

FundiGerezani

Umechagua vizuri.

Ikifika, usiifunge kwanza. Ijaribu mezani. Kwenye plagi ya pini 24 tafuta tundu namba 16, PS_ON (la kuwashia), na jirani yake namba 17 ambalo ni hasi. Waya za kawaida utaona kijani na nyeusi. Kama zote ni nyeusi hesabu kwa mchoro wa kwenye kijitabu. Pawa saplai ikiwa imezimwa, ziunganishe kwa kipande cha waya, kisha washa swichi ya nyuma. Feni izunguke. Ukiwa na multimita, weka kwenye volti za DC, hasi kwenye nyeusi, chanya kwenye njano: isome kati ya 11.4 na 12.6. Nyekundu kati ya 4.75 na 5.25. Ya machungwa kati ya 3.14 na 3.47. Ikiwa nje ya hapo, irudishe dukani siku hiyo hiyo.

Kisha zima mashine, chomoa waya ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi ili chaji iliyobaki iishe. Piga picha ya waya zote zilivyo. Hii picha ndiyo msaada wako baadaye, piga ya karibu kwenye kila plagi. Laza kasha ubavu, shika chuma chake kutoa umeme tuli mwilini.

Chomoa plagi ya pini 8 ya mazabodi na ile ya pini 4 karibu na prosesa. Kila moja ina kimeno; kibonyeze mpaka kiachie kabisa ndipo uvute, na uvute kwa kushika plagi, waya usiuguse. Chomoa na za diski. Nyuma kuna skurubu nne. Ukizitoa pawa saplai haitoki bado: ndani kuna ulimi wa chuma unaoizuia, ubonyeze, sukuma pawa saplai kuelekea mbele ya kasha, ndipo uinyanyue.

Mpya iingie feni ikiangalia chini, ndani ya kasha, kwa sababu juu yake kuna bati tupu na haitapata hewa. Kaza skurubu zote nne nusu nusu kwanza, zikikaa sawa ndipo ukaze kabisa.

Waya wa prosesa utakuja umegawanyika 4 na 4. Chukua 4 peke yake kwa tundu lako. Wa kadi umegawanyika 6 na 2, na huo ndio wa kadi, usije ukaubadilishana na wa prosesa: njano na nyeusi ziko kinyume. Unganisha 24 kwenye waya wa kubadilisha, na ule mwisho wa 8 kwenye mazabodi mpaka usikie mlio wa kimeno. Plagi iliyoingia robo tatu ndiyo inayoungua baadaye, kwa hiyo zipitie zote tena kwa kidole.

Na pawa saplai ya zamani usiifungue. Kapasita ya upande wa umeme mkubwa inaweza kubaki na mamia ya volti hata ikiwa imechomolewa. Si sehemu ya kujifunzia.

Nuru wa Mikocheni

Na UPS je? Huku kwetu umeme unakatika bila taarifa.

FundiGerezani

Swali zuri dada. Pawa saplai hizi za kisasa zina urekebishaji hai wa mkondo, kwenye boksi inaandikwa "Active PFC". UPS nyingi za bei nafuu, umeme wa ukutani ukikatika, zinatoa wimbi la ngazi ngazi badala ya lile laini. Baadhi ya pawa saplai hazilipendi, mashine inazima pale pale UPS inapoingia. Tena pawa saplai yenyewe inavumilia pengo la milisekunde 16 hivi tu ikiwa imebeba mzigo wote. Mwambie muuzaji unataka UPS ya wimbi laini, na wati zake ziwe zaidi ya 300. Soma wati, maana zile VA kubwa za kwenye boksi ni hesabu nyingine. Na ijaribu kabla ya kuiamini: fungua kazi isiyo muhimu, anza kurenda, zima swichi ya ukutani.

MpigaPicha_Moro

Wakuu, nimefunga. Mezani njano ilisoma 12.1, nyekundu 5.04. Ulimi wa chuma ulinisumbua kidogo, ulikuwa na vumbi limeganda. Nimerenda harusi nzima ya saa mbili na nusu, haikuzima. Nimepima tena njano ikiwa inarenda, kwenye plagi ya diski isiyotumika: 11.98. Waya wa kadi nimeushika, uko baridi.

Swali moja la mwisho: kuna rafiki ana HP EliteDesk 800 G1 ya kusimama anataka kufanya hivi hivi. Waya wangu huu wa Dell utamfaa?

FundiGerezani

Hongera mkuu, 11.98 chini ya mzigo ni nzuri sana.

Hapana, asitumie waya wa Dell. Hiyo HP ina plagi yake ya pini 6 kwenye mazabodi na mpangilio mwingine. Kuna waya wa 24 kwenda pini 6 za HP. Afungue kwanza, apige picha ya plagi zote za mazabodi pamoja na stika ya pawa saplai aliyonayo, aziweke hapa kabla hajanunua kitu.

Mwana wa Likoni

Na apime pia nafasi, hizo HP nyingine pawa saplai yake si umbo la ATX. Akituma picha ya nyuma ya kasha nitamwambia.